Mashine ya kale ya kuuzia soda: nianzie wapi kabla ya kuichomeka kwenye umeme?

Mwenye duka, Shella, Malindi

Assalaam aleikum wazee, ndugu na mafundi.

Nimenunua mashine ya kale ya kuuzia soda za chupa, ile ambayo mnunuzi hutumbukiza sarafu, akafungua kijilango chembamba kilicho wima na kuvuta chupa kwa shingo yake. Imetengenezwa na kampuni ya Vendo ya Kansas City, Marekani, nayo ni ya aina iitwayo 81, kwa kuwa hiyo ndiyo idadi ya chupa inazobeba. Ilikaa miaka mingi katika ghala la nyumba ya wageni karibu na ufuo, na nyumba hiyo ilipouzwa nikaiwahi kabla ya wanunuzi wa vyuma chakavu kuifikia.

Kibao cha ndani bado kinasomeka vizuri: volti 115, mizunguko 60 kwa sekunde, gesi ya Freon 12. Plagi ni ya pini mbili bapa, na mpira wa waya umekauka hadi unapukutika ukiushika. Mwili umepakwa rangi kwa brashi juu ya rangi nyingine zaidi ya mara moja, na sehemu ya chini ya mlango imeliwa na kutu. Sarafu zetu ama hazipiti mdomoni, ama zinanasa ndani mpaka nibonyeze kitufe cha kurudishia.

Nimekwisha kupata ushauri wa aina mbili hapa mjini. Fundi mmoja ameniambia nitoe matumbo yote ya mashine nitie friji ndogo ya kisasa. Mwingine amesema ninunue transfoma, niichomeke, nione kama itaamka. Wa kwanza ananisikitisha na wa pili ananitia hofu. Nia yangu ni kuiweka dukani ikifanya kazi kama ilivyokusudiwa, iuze soda za chupa za kioo zikiwa baridi. Naomba mwenye ujuzi aniambie nianzie wapi.

Fundi wa baridi, Mombasa

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nakuomba kwa dhati usiichomeke bado, na hofu yako ni ya haki. Mashine ya miaka ya 1950 iliyokaa ghalani inaweza kuwa na kompresa (mota inayosukuma gesi ya ubaridi) nzima kabisa, na ikaungua siku hiyo hiyo inapopewa umeme usioifaa.

Anza na waya, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari ya roho. Mwili wote wa mashine hii ni chuma, na plagi ya pini mbili haina waya wa kwenda ardhini. Waya uliopasuka ukigusa chuma hicho, mteja aliyesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji ndiye atakayekuwa njia ya umeme. Ondoa waya wote wa zamani kuanzia plagi hadi kwenye kompresa, feni na kidhibiti baridi, utie mpya wenye nyuzi tatu, na ule wa ardhini uufunge kwa bolti mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma kikaonekana. Dukani weka pia swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja kwa miliamperi 30. Haya si ya kuahirisha hadi mashine ianze kufanya kazi.

Kisha pima kompresa kwa mita kabla ya kuipa umeme wowote. Toa kile kifuniko kidogo cha ubavuni, uchomoe rilei, ile swichi ndogo ya kuamshia kompresa, nawe utaona pini tatu. Pima ukinzani kati ya kila pini na mwenzake. Namba kubwa katika zile tatu inatakiwa iwe sawa na jumla ya mbili zilizobaki. Ukipata omu 2 na omu 8, basi ya tatu iwe karibu na 10. Baada ya hapo pima kutoka kila pini hadi kwenye chuma cha kompresa, mahali palipokwanguliwa safi, na mita isionyeshe njia yoyote. Kama kuna njia, kompresa imekwisha na mazungumzo yetu yatabadilika.

Sasa nije kwenye transfoma, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanapounguza mota wakidhani wamefuata kibao. Transfoma hubadilisha volti tu, haibadilishi mizunguko. Umeme wetu ni volti 240 kwa mizunguko 50, na wa Marekani una mizunguko 60. Mota ya namna hii hujali uwiano wa hivyo viwili: ilipokuwa kwao ilipewa volti 115 kwa mizunguko 60, yaani volti 1.92 hivi kwa kila mzunguko. Ukiipa volti 115 hizo hizo kwa mizunguko 50, uwiano unapanda hadi 2.3, chuma cha ndani ya mota kinashiba sumaku, mkondo unapanda bila kuongeza kazi yoyote, na nyaya zinachemka. Kwa mizunguko yetu mota hiyo inataka karibu volti 96. Kwa sababu hiyo mimi huchagua transfoma ya kushusha 240 hadi 100, zile zinazonunuliwa na wenye vyombo vya mtumba vya Japani, na siyo ya 110.

Ukubwa wake nao ni jambo la kuangaliwa. Tuseme kibao kinaandika amperi 6: mara 115 ni 690, na mtu anaweza kudhani kwamba transfoma ya voltiamperi 750 inatosha. Kompresa inapoamka huvuta mkondo mara 5 au zaidi ya ule wa kawaida kwa muda mfupi, na transfoma ndogo hulegea papo hapo, volti zikashuka, mota ikashindwa kuzunguka na kubaki ikinguruma mpaka kinga yake ikate. Nunua ya 2000. Na jua kwamba hata mambo yote yakiwa sawa, kompresa itazunguka kwa mwendo wa sehemu 5 katika 6 za mwendo wake wa kwao, kwa hivyo ubaridi utapungua kiasi, na joto la Malindi halisamehe. Safisha kondensa, yaani yale mabomba yenye mapezi yanayotoa joto nje, mpaka uone mwanga kati ya mapezi yake, uhakikishe feni inavuta hewa vizuri, na usiisukume mashine mpaka ukutani.

Kuhusu gesi nitasema baada ya wewe kupima. Usimruhusu mtu yeyote atoboe bomba eti aangalie kiasi cha gesi kilichomo.

Rangi na msasa, Malindi

Kaka, mimi nafanya kazi ya bodi za magari hapa hapa Malindi, kwa hivyo nitazungumzia chuma tu.

Fungua mlango, uvue ukanda wa mpira unaozunguka ukingo, kisha uchokonoe kwa ncha ya bisibisi sehemu ya chini kabisa, pale bati la nje lilipokunjwa kulikumbata la ndani. Hapo maji ya jasho la chupa hujikusanya na chumvi ya hewa yetu ikaingia ndani yake. Rangi inaweza kuonekana nzima kwa nje na bisibisi ikapita kama inayopita kwenye andazi. Popote inapopita, pakatwe mpaka kwenye chuma kigumu na patiwe kiraka kwa kulehemu nukta moja moja ukiacha zipoe, kwa maana bati hilo ni jembamba na moto mwingi hulipinda. Angalia pia tundu la kutolea maji sakafuni mwa mashine, kwa kuwa likiziba maji huingia kwenye sufi ya kioo iliyojazwa kati ya kuta, na sufi iliyolowa haizuii joto tena. Iliyolowa na kuoza itolewe yote, nawe ukiwa umevaa glavu na barakoa.

Rangi za enamo za zama hizo huenda zikawa na madini ya risasi. Usizikwangue kavu wala usizichome kwa moto wa gesi. Piga msasa wa maji, uweke turubali chini, watoto wakae mbali, na tope linalotoka likusanywe lisiachwe likatiririka uani. Watakaokuambia upeleke mlango kupulizwa mchanga uwakatalie, kwani bati pana la bapa hupata joto likavimba, na uvimbe huo hauondoki.

Jambo ambalo ningekusihi ulishike kuliko yote ni kuosha chumvi kabla ya kupaka rangi ya kwanza. Kutu ya pwani si ya maji matupu. Ndani ya vishimo vyake mna chumvi, nayo ikifunikwa na rangi huendelea kuvuta unyevu, na baada ya misimu miwili rangi huinuka kwa malengelenge hata kama ilipakwa na fundi hodari. Ukishamaliza msasa, osha chuma kwa maji mengi yasiyo na chumvi na brashi ngumu, ukaushe mara moja kwa hewa na kitambaa, kisha upake dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki na kuifuata na praima ya epoksi. Maji ya visima vingi vya mji wetu ni ya chumvi, hayafai kwa kazi hii. Tumia ya mfereji yanayotoka Baricho au ya mvua.

Rangi ya juu ya vijenzi viwili ndiyo itakayostahimili, lakini moshi wake una isosayaneti, ambayo huharibu mapafu kabisa, na kitambaa cha kufunga puani hakisaidii chochote. Kama huna barakoa yenye vichujio vinavyofaa, mpe kazi hiyo mwenye nayo. Kabla ya kugusa msasa, piga picha na uchukue karatasi nyembamba uchore maandishi yote kwa ukubwa wake halisi, pamoja na umbali wake kutoka kingo. Usitegemee kumbukumbu.

Mwenye duka, Shella, Malindi

Dada, Fundi, nawashukuru sana. Nimepima kama nilivyoelekezwa. Namba tatu za kompresa zinaafikiana vizuri, na kutoka kwenye pini hadi kwenye chuma mita haionyeshi kitu. Bisibisi imepita chini ya mlango mahali pawili. Fundi, sasa nifafanulie habari ya gesi, kwa kuwa yule wa hapa mjini anasisitiza kwamba gesi ya zamani lazima itolewe na kutiwa ya friji za kisasa, ambayo anasema inaingia bila kubadilisha kitu.

Fundi wa baridi, Mombasa

Hizo ni habari njema. Kwa kompresa yenye vipimo hivyo, tia waya mpya, safisha kondensa, iunganishe na transfoma, kisha uiache izunguke kwa saa kadhaa huku ukishika mabomba. Bomba la kwenda kwenye kondensa likiwa moto na sahani ya ndani ikipata umande na baadaye barafu nyembamba iliyoenea sawasawa, basi mfumo wake haujavuja tangu kiwandani, na hapo msimamo wangu ni mmoja: usiguswe. Gesi hiyo, Freon 12 ya kwenye kibao, ambayo sisi huiita R-12, inaharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 uliiwekea kikomo, na nchi kama yetu zilitakiwa ziwe zimeiacha kufikia 2010, kwa hivyo hutaipata dukani. Ikiwa ndani ya bomba lililofungwa haimdhuru mtu, nawe huna namna ya kuirudisha ikishatoka. Mashine ya aina hii hubeba kiasi kidogo, na hata kule kuunganisha geji tu kunapoteza sehemu yake.

Barafu ikishika upande mmoja tu karibu na pale gesi inapoingilia, au sahani ikakaa na joto la kawaida huku kompresa ikizunguka, gesi imepungua. Hapo nisingehangaika kuokoa kompresa ya Marekani. Ningemwita fundi mwenye mashine ya kuvuta gesi kwenye mtungi ili kilichobaki kisiachiwe hewani, kisha ningetia kompresa mpya ya volti 240 na mizunguko 50 inayotumia gesi ya R-134a, pamoja na chujio jipya na bomba la kapilari la urefu unaolingana nayo. Kompresa hiyo ina mafuta yake ya esta, ambayo hayapatani na mafuta ya madini yaliyobaki kwenye mabomba ya zamani, hivyo mabomba yasafishwe kwanza. Faida yake ni kwamba haja ya transfoma inabaki kwa feni tu, nayo unaweza kuibadilisha.

Huyo anayesema gesi ya kisasa inaingia bila kubadilisha kitu, huenda anakusudia R-600a. Ni gesi nzuri katika friji iliyoundwa kwa ajili yake, lakini inashika moto. Mashine yako ina swichi na kidhibiti baridi vinavyotoa cheche ndani ya sanduku lililofungwa, na kompresa ya R-12 haina ujazo unaoitosha gesi hiyo. Mkatalie kwa upole, lakini mkatalie.

Ongeza pia kile kifaa cha kulinda friji ambacho huchelewesha umeme dakika chache unaporudi. Stima ikikatika na kurudi haraka, kompresa hulazimika kuamka ikiwa na shinikizo, na ya umri huo haitavumilia mara nyingi.

Saa na cherehani, Lamu

Nimeusoma mjadala huu kwa furaha, maana vitu vya namna hii huku kwetu huishia baharini au kwenye rundo la vyuma. Mimi natengeneza saa za ukutani na cherehani, na kisanduku cha sarafu cha mashine hizi ni jamaa ya saa: hakina umeme wa kufikiria, kina uzito, kipenyo na mwendo tu.

Sarafu ikiingia hukalia kijikombe chenye mizani. Nyepesi haikiinamishi, na iliyozidi kipenyo haipiti katikati ya mikono yake. Iliyo sawa huviringika hadi mbele ya sumaku. Sarafu ya chuma hunaswa hapo hapo, na ndiyo maana zetu zinangoja mpaka ubonyeze kitufe, kwa kuwa kitufe hicho hupitisha kijipanguso kinachoibandua kutoka kwenye sumaku. Shilingi yetu moja ni chuma kilichopakwa nikeli; iweke karibu na sumaku yoyote utaona. Sarafu isiyo ya chuma hupita, ila sumaku huipunguza mwendo kwa kadiri ya madini yake, kisha inaanguka juu ya kijiwe cha chuma na kuruka. Yenye mwendo sahihi huruka hadi kwenye mlango wa kukubaliwa, na nyingine huangukia njia ya kurudi. Kisanduku chako hakijaharibika. Kinafanya kazi kiliyoundiwa.

Tazama kwanza kimewekewa sarafu gani. Huko Marekani chupa ya Coca-Cola iliuzwa senti 5 tangu 1886 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, na mojawapo ya sababu bei hiyo ilidumu ni kwamba mashine zilijua sarafu moja tu. Senti 5 yao ina kipenyo cha milimita 21.21, unene wa milimita 1.95 na uzito wa gramu 5, nayo ni shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25. Mashine za aina yako nyingi baadaye ziliwekewa senti 10, ambayo ni ndogo zaidi, milimita 17.91. Pima mdomo na kijikombe kwa kalipa.

Watu watakushauri uchongeshe vipande vya shaba ya njano vyenye kipenyo hicho. Havitapita, kwa kuwa shaba ya njano hupitisha umeme vizuri kuliko mchanganyiko wa shaba na nikeli, hivyo sumaku huivuta nyuma zaidi na mruko wake unakuwa mfupi. Wala usikate sumaku wala kuikunja mikono ya kijikombe ili shilingi ipite. Njia yangu ni kununua mfuko wa senti zao halisi, mteja akulipe kwa shilingi au kwa simu, umpe sarafu aitumbukize mwenyewe, nayo itarudi kwenye kisanduku uitumie tena.

Kukisafisha, kitoe chote, ukioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, brashi ya meno, kisha ukikaushe vizuri. Usitie mafuta hata tone kwenye njia ya sarafu, kwa maana vumbi hushikamana nayo. Kwenye vikonyo vinavyozunguka tia unga wa grafiti tu. Vipande vyenye kutu vya chuma cha kawaida unaweza kuvitoa kutu kwa umeme wa chaja ya betri ya volti 12 katika maji yenye soda ya kufulia, kipande kikiwa upande wa hasi na bati chakavu upande wa chanya, nje penye upepo kwa sababu hutoka hidrojeni. Usitumie chumvi mahali pa soda, kwa kuwa hutoa klorini, wala bati la chuma cha pua, ambalo huacha sumu ya kromiamu majini. Springi ngumu, alumini na vile vipande vya kijivu vilivyomiminwa kwa zinki visiingie humo kamwe. Springi zitakuwa za kukatika na zinki italiwa.

Dada wa rangi na msasa, natofautiana nawe kwa jambo moja. Kabla ya kufika kwenye chuma, ondoa rangi za brashi taratibu sehemu ya ndani ya mlango na juu ya paji la mashine. Ikiwa rangi ya kiwandani iko chini yake na imeshika, ningeiacha hata ikiwa na mikwaruzo.

Rangi na msasa, Malindi

Kaka wa Lamu, ndani ya mlango nakubali, na paji pia, kama hakuna kutu chini. Kuanzia nusu ya mwili kwenda chini sitakubali, kwa kuwa chumvi iko pale na haitaondoka bila chuma kuonekana. Rangi mpya inaweza kulinganishwa na ile ya ndani ya mlango, ambayo haikupigwa na jua, na mpaka wa rangi mbili ukafichwa kwenye mkunjo wa bati.

Mwenye duka, Shella, Malindi

Hilo la kuacha paji na ndani ya mlango nimelipenda, nitalifuata. Nimekwangua kidogo na kuna nyekundu nzima chini ya ile ya kahawia. Swali la mwisho: je, chupa zetu za mililita 300 zitaingia?

Saa na cherehani, Lamu

Chupa iliyokuwa ya kawaida kwao ilikuwa ya mililita 190 na kitu, na nyingine kubwa zaidi, kwa hivyo safu za mashine huwa na vipande vya kurekebisha nafasi. Chukua chupa tupu za kila aina unayouza, upime unene wa tumbo na urefu, kisha urekebishe safu moja tu kwanza. Chupa inatakiwa iteremke kwa uzito wake yenyewe bila kusukumwa, na ikishavutwa, ile ya nyuma yake isimame kwenye kizuizi hata ukiitikisa mashine. Ikilegea, mteja atatoa mbili kwa sarafu moja; ikibana, shingo itanasa mlangoni. Ukipata safu moja ikifanya hivyo sawasawa, pima vipande vyake na uweke vingine vyote vivyo hivyo. Na chupa za kurudisha ambazo zimelika mdomoni au zina ufa uzitenge kabla ya kupakia, maana ndani ya safu hugongana kila moja inapovutwa.